Fimbo za Mahad Hazikuwa Karma

Neno karma limeingia katika Kiswahili cha mitandaoni kwa namna ya ajabu kidogo. Mtu akipata ajali baada ya kumdhulumu mwenziwe, au tajiri akifilisika baada ya miaka ya majivuno, wachangiaji huandika "karma hiyo", kama vile wazee walivyozoea kusema kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Sina ugomvi na safari ya neno lenyewe, kwa kuwa maneno husafiri na kubadilika. Ninachokilalamikia ni kwamba likitumiwa kwa mtu ambaye hatujui alitenda nini, huacha kuwa onyo na kugeuka hukumu: amepatwa, basi alistahili. Hukumu ya namna hiyo haikuanzia kwenye simu zetu. Huko India ilitumika kwa karne nyingi kuwaeleza watu wa matabaka ya chini kwa nini walizaliwa kuzoa uchafu wa wengine, kwamba ni malipo ya matendo yao ya maisha yaliyopita, na mtu aliyeipinga kwa uzito mkubwa katika karne ya 20 alifanya hivyo kwa kuingia katika Ubuddha, dini ambayo nayo inafundisha karma. Kitendawili hicho ndicho kinachonivuta kuandika.

Bhimrao Ramji Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar, mojawapo ya jamii za magharibi ya India zilizohesabiwa kuwa za watu wasioguswa, yaani walioaminiwa kuwa najisi. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha London, akarudi nyumbani akiwa mwanauchumi na mwanasheria ambaye bado hakuruhusiwa kuchota maji pale walipochota wengine. Tarehe 20 Machi 1927 aliwaongoza maelfu ya watu wa jamii kama yake hadi kwenye bwawa la Chavdar katika mji wa Mahad, wakanywa maji. Hawakuvunja sheria yoyote, kwa sababu bwawa lilikuwa la umma na halmashauri ya mji ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba liko wazi kwa wote. Hata hivyo walipigwa kwa fimbo siku hiyo hiyo, na baadaye bwawa likafanyiwa tambiko la utakaso ambalo vifaa vyake vilikuwa pamoja na kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo, kwamba kinyesi cha mnyama kilionekana kinasafisha maji yaliyochafuliwa na midomo ya binadamu, kwa sababu nitairudia.

Mwaka 1935, mjini Yeola, alitangaza kwamba alizaliwa Mhindu, jambo ambalo halikuwa katika uwezo wake, lakini hatakufa akiwa Mhindu. Baada ya hapo alichukua miaka 21 kabla ya kutimiza. Aliuchunguza Usikh kwa makini; akawa waziri wa sheria wa kwanza wa India huru; akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba, ambayo ibara yake ya 17 inafuta desturi ya kutowagusa watu na kuifanya kosa. Mtu aliyekwisha kuandika hayo katika sheria kuu ya nchi angeweza kuona kazi imekwisha. Yeye aliona kwamba sheria inaweza kumzuia mtu asikufukuze kisimani, ila haiwezi kumfanya aamini kwamba hukuzaliwa na najisi. Kwa hilo alihitaji kitu kinachofika mahali ambako askari polisi hafiki, na ndipo akarudi kwa Buddha.

Alichokikuta huko kilikuwa cha kutosha kumtia moyo mtu yeyote aliyenyimwa maji. Katika hotuba moja ya Sutta Nipata, mkusanyo wa mahubiri yake, Brahmani mmoja, mtu wa tabaka la juu la makuhani, anamwona Buddha akija kuomba chakula na kumfokea asimame huko huko, akimwita mtu duni. Buddha anamuuliza kwa utulivu kama anajua ni nini hasa kinachomfanya mtu kuwa duni, kisha anataja hasira, uongo, kuwatelekeza wazazi waliozeeka, kukana deni, na kuhitimisha kwamba hakuna azaliwaye duni wala azaliwaye Brahmani, bali matendo ndiyo yanayomfanya mtu kuwa hili au lile. Katika hotuba nyingine, kijana msomi aitwaye Assalayana anatumwa kutetea ubora wa Mabrahmani, na Buddha anamuuliza juu ya moto: ukiupekecha kwa mti wa msandali na ukiupekecha kwa ubao wa chombo cha kulishia mbwa, je, mmoja utawaka na mwingine usiwake? Kijana anakiri kwamba yote huwaka. Kuna pia kisa cha Upali, kinyozi wa wana wa kifalme wa Wasakya, watu wa ukoo wa Buddha mwenyewe, ambaye mabwana zake waliomba atangulie kupokewa utawa ili wao wenyewe walazimike kumwinamia, kwa kuwa walikijua kiburi chao.

Wengi wanaoandika juu ya Ubuddha na masuala ya leo huishia hapo. Wanachota aya mbili tatu tamu, wanazipanga juu ya meza, na kutangaza kwamba Buddha alikuwa mtetezi wa haki za binadamu miaka 2,400 kabla ya Umoja wa Mataifa. Mimi sikubali, na sababu yangu imo katika maandiko yale yale.

Katika hotuba ya 135 ya mkusanyo wa mahubiri yake yenye urefu wa wastani, kijana Subha anamuuliza Buddha swali ambalo kila jamii huliuliza: mbona wengine huishi muda mfupi na wengine mrefu, wengine ni maskini na wengine matajiri, wengine huzaliwa katika koo duni na wengine katika koo bora? Jibu ni kwamba viumbe ni warithi wa matendo yao wenyewe, na aliyekuwa na kiburi, asiyesimama kwa heshima mbele ya wanaostahili, akizaliwa tena kuwa mtu huzaliwa katika ukoo duni. Hakuna namna ya kuisoma aya hiyo isimhusu Mmahar aliyezuiwa bwawani. Aidha, kanuni za utawa zinamkataza mtumwa na mwenye deni kupokewa katika jumuiya, jambo linaloonyesha kwamba Buddha alifungua mlango kwa mzoa uchafu Sunita na kinyozi Upali bila kutaka mapambano na mabwana na wafalme waliomiliki watu. Biashara ya binadamu ameitaja miongoni mwa biashara tano ambazo mfuasi wake asizifanye. Mfumo wa utumwa wenyewe hakuushambulia.

Historia nayo inashuhudia kwamba mafundisho hayo yaliweza kukaa nyumba moja na tabaka bila kugombana sana. Sri Lanka, nchi ambayo watu wake ndio walioanzisha hekalu la Wabuddha la Dar es Salaam, ilifufua utawa wake mwaka 1753 kwa msaada wa watawa kutoka Siam, yaani Thailand ya leo, na baada ya muda mfupi undugu huo wa kitawa ukawa haumpokei mtu asiyekuwa wa tabaka la Goyigama, yaani wakulima wenye hadhi. Waliokataliwa, wakiwemo wa jamii ya wamenya mdalasini, walilazimika kuvuka bahari hadi Burma, Myanmar ya leo, kutafuta utawa, wakarejea mwanzoni mwa karne ya 19 na kuanzisha undugu wao. Wote walikuwa wakisoma ile hotuba ya mtu duni.

Ambedkar aliyajua haya, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko wanaompamba. Katika kitabu chake juu ya Buddha na mafundisho yake, kilichotoka mwaka 1957 baada ya kifo chake, hakujaribu kuzificha aya ngumu. Alisema waziwazi kwamba karma ya maisha yaliyopita, ikichukuliwa kuwa sababu ya umaskini wa leo, kazi yake ni moja tu, nayo ni kuiwezesha dola na jamii kukwepa wajibu wao kwa walio chini, na akakataa kuamini kwamba Buddha angefundisha kitu kisicho na utu kiasi hicho. Karma aliyoibakiza ni ya hapa duniani, yaani utaratibu wa maadili ambamo matendo ya watu huijenga au huibomoa jamii yao wote.

Aligusa hata kisa cha Siddhartha, ndilo jina la Buddha kabla hajawa Buddha, kuondoka nyumbani. Kila mtoto wa Kibuddha husimuliwa kwamba mwana wa mfalme aliona mzee, mgonjwa, maiti na mtawa, akashtuka na kuaga. Ambedkar alikiona kisa hicho hakiingii akilini, maana mtu wa miaka 29 hakosi kuwa amekwisha kumwona mzee. Badala yake aliandika kwamba Siddhartha aliondoka kwa sababu ya ugomvi wa maji ya mto Rohini kati ya Wasakya na majirani zao Wakoliya, alipokataa kuunga mkono vita. Ugomvi huo umo katika masimulizi ya kale, ila humo unatokea wakati Siddhartha ni Buddha tayari, naye anausuluhisha. Ambedkar aliuhamisha hadi mwanzo. Mtu aliyepigiwa watu wake kwa ajili ya maji ya Mahad aliyaweka maji kuwa chanzo cha dini yake mpya, na sidhani kama kuna uhariri mwingine katika kitabu chote unaomfichua mwandishi wake zaidi ya huo.

Je, huo bado ni Ubuddha? Wako watawa na wanazuoni waliosema la. Mimi naona wamekosea jambo moja na wamepata jingine. Wamepata katika suala la Kweli Nne Adhimu, yaani mateso, chanzo chake, kukoma kwake na njia ya kufikia huko. Ambedkar aliona zinaifanya dini kuwa ya kukata tamaa, akatilia shaka kwamba zilikuwemo katika mafundisho ya mwanzo. Naona alizipuuza kwa haraka, tena bila kuangalia kwamba maisha yake mwenyewe yalifuata mpangilio huo: aliyataja mateso bila kuyapamba, akatafuta chanzo chake katika desturi na maandiko badala ya damu, akaamini yanaweza kukoma, akatengeneza njia. Mkulima wa Maharashtra aliyekwisha kulala njaa hahitaji kufichwa kwamba maisha yana dhiki ndipo apate moyo wa kupigana nayo.

Katika suala la karma, hata hivyo, nasimama upande wa Ambedkar, na ninaona angeweza kusimama mahali imara zaidi kuliko alipochagua, kwa kuwa maandiko yenyewe yana mlango. Mtawa mmoja wa kuzungukazunguka aitwaye Sivaka alimuuliza Buddha kama ni kweli kwamba lolote analolihisi mtu, liwe raha au karaha, limetokana na matendo yake ya zamani. Buddha alisema wanaodai hivyo wanavuka mipaka ya kinachojulikana. Akataja sababu nane: nyongo, belghamu, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na karma ikaja mwisho. Kushambuliwa kumetajwa peke yake, kando ya karma. Sidai kwamba hotuba hii inaifuta ile aliyopewa Subha, maana zote mbili zimo na zitaendelea kuwamo. Nadai tu kwamba mtu anayeitazama fimbo ya Mahad na kusema aliyepigwa alijitakia katika maisha yaliyopita amechagua aya moja na kuiacha nyingine, na kuchagua huko ni tendo lake la leo, ambalo kwa mafundisho hayo hayo atalijibia.

Kwa hiyo ninapoulizwa dini ya kale inasema nini juu ya ubaguzi, ujira wa wafanyakazi wa ndani au nafasi ya wanawake, swali langu la kwanza ni nani anayesoma na anataka nini, kisha kama ana ujasiri wa kukiri pale ambapo andiko linaishia na maoni yake yanaanza. Kukiri huko kuna gharama. Waliomfuata Ambedkar walipoteza nafasi za upendeleo ambazo serikali kuu ilizitenga kwa waliokuwa hawaguswi, kwa hoja kwamba Mbuddha hana tabaka, na walizipata tu baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1990. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu Wabuddha wa India kuwa takriban milioni 8.4, zaidi ya robo tatu yao katika jimbo la Maharashtra, na walio wengi hapo ni watoto na wajukuu wa waliomfuata yeye.

Safari hiyo ilianza Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956, majuma machache kabla hajafariki. Mtawa mzee kutoka Burma, U Chandramani, alimpokea Ambedkar kwa maneno ambayo Wabuddha wameyatumia tangu zamani: kumkimbilia Buddha, kuyakimbilia mafundisho, kuikimbilia jumuiya, kisha zile kanuni tano. Halafu Ambedkar, ambaye hakuwa mtawa, aliugeukia umati wa mamia ya maelfu ya watu na kuwatamkisha maneno hayo ya kale. Yalipokwisha, aliwatamkisha viapo 22 alivyovitunga yeye mwenyewe, vikiwemo vya kuamini kwamba watu wote ni sawa na kujitahidi kuusimamisha usawa huo.