Kisima cha Manyatta na pampu ya London

Mtaani Soho, London, kuna pampu nyeusi ya maji isiyo na mkono. Watu huipita bila kuitazama. Mimi niliposoma habari zake nilikumbuka kisima chetu cha Manyatta, Kisumu.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 hapo. Wakubwa walisema ni hewa mbaya. Daktari John Snow akauliza nyumba kwa nyumba marehemu walikuwa wakiteka maji wapi, na majibu yakamfikisha kwenye pampu. Mkono ukang'olewa Septemba 8. Baadaye ikaonekana kuna shimo la kinyesi lililokuwa likivuja, kama mita moja tu kutoka kisima cha pampu hiyo. (Jirani na pampu kuna baa yenye jina la Snow, naye hakuwa mtu wa pombe!)

Kisima chetu na choo cha shimo vimeachana hatua kumi. Nimezihesabu. Maji yake ukiyatazama kwenye ndoo yanang'aa, lakini mama huyafulia tu. Ya kunywa huletwa na kijana wa mkokoteni, mtungi wa lita 20, na bado mama hutia dawa. Mfereji ukikauka siku tatu, bei inapanda. Na ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko pale chini.

Wenzangu husema Wazungu walistaarabika mapema. Wapi! Snow aliwaonyesha 1854, wakasuasua. Kiangazi cha 1858, kile kile alichokufa yeye, mto Thames ulinuka hadi ndani ya Bunge, lililoko ukingoni, mapazia yakalowekwa dawa. Hapo ndipo sheria ilipopita kwa siku 18 tu, na mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kujenga mitaro ya majitaka. Kwetu mwenye kauli ana kisima kirefu na tangi uani. Harufu ya Manyatta itamfikiaje?

Hapa Uingereza ninakoishi pia si peponi. Mvua ikizidi, majitaka humwagwa mitoni na watu hulalamika. Ila usiku wa manane nafungua mfereji, nakunywa, narudi kulala.

Juzi mama aliniuliza kwa simu, "Huko mtungi ni pesa ngapi?" Nikamweleza kuna bili.

"Na usipolipa?"

Nikamwambia tangu 1999 sheria inakataza kukatia nyumba maji kwa sababu ya deni. Alicheka mpaka nikamsikia akimwita jirani aje naye asikie.