Pweza Wako Feri, Tambi Zimelowa Tomato

Msimu wa korosho ukifunguliwa, Mtwara huwa na pesa ya kula nje, na wenye biashara wanalijua hilo vizuri. Sina ugomvi na mgahawa mpya mjini. Ugomvi wangu ni na mgahawa unaojiita wa Kitaliano, unaotoza bei ya mtalii, halafu jikoni hakuna anayejua kuchemsha tambi.

Shemeji yangu wa Newala alikuwa amelipwa za mnada, akasema safari hii hataki kuku wa kuchoma wala chipsi mayai. Tukaenda watatu, yeye, dada na mimi. Jina la sehemu nalihifadhi. Taa hafifu za kupendeza, vitambaa vya meza vya drafti nyekundu na nyeupe, chupa tupu za mvinyo zimepangwa ukutani. Fundi wa mapambo alilipwa vizuri, hilo halina ubishi.

Niliagiza spageti za vyakula vya baharini, shilingi 28,000. Tulikaa mpaka dada akamaliza kusoma menyu nzima, pamoja na kurasa za vileo asivyokunywa. Sahani ilipofika, nikakutana na tomato ya chupa, ile tamutamu inayong'aa, imemwagwa juu ya tambi zilizoiva kupita kiasi, ukizigusa kwa uma zinakatika. Chini yake maji yametuama. Kamba wachache wa kwenye friza, weupe, hawana ladha yoyote. Ngisi wamekatwa mviringo vizuri kabisa, lakini ukiwatafuna ni kama kandambili. Na juu ya yote hayo, jibini la kukwangua. Waitaliano wengi hawaweki jibini kwenye tambi za samaki, kwa sababu linafunika ladha ya bahari. Hapa, kusema kweli, hapakuwa na cha kufunikwa.

Hao ngisi ndio walioniudhi zaidi. Ngisi anataka moja kati ya mawili: moto mkali kwa dakika moja au mbili, au apikwe taratibu mpaka alainike. Ukimwacha katikati, umempoteza. Mama yeyote wa Shangani au Mikindani anajua hivyo bila kufundishwa. Pweza vilevile: kina mama wanamchokoa miambani maji ya bamvua yakitoka, wanampiga mpaka alegee ndipo aingie sufuriani, na jioni unampata barabarani na supu yake, laini, kwa bei ya nauli. Kutoka soko la samaki pale Feri hadi ule mgahawa ni mwendo wa bajaji tu. Kamba wa friza wa nini?

Najua nitaambiwa, "Mtwara mpishi wa Kitaliano utamtoa wapi?" Hoja hiyo siikubali. Vyakula vingi vya Kitaliano vilianzia kwa wavuvi na wakulima wasio na kitu: tambi kavu, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, na chochote alichovua mtu asubuhi. Hata nyanya si ya kwao, ilitoka Amerika. Na sisi tambi si wageni nazo, Ramadhani gani imepita bila tambi za nazi? Kinachotakiwa ni maji mengi yenye chumvi, tambi zitolewe zikiwa bado na ugumu kidogo ndani, zimalizikie kwenye kikaango pamoja na mchuzi na upawa wa yale maji yaliyozichemsha, ili wanga ushikanishe vyote. Hilo halihitaji viza.

Pizza ya shemeji nimeihurumia kidogo. Mtu wa Napoli anaichoma kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 450 hivi, dakika moja au moja na nusu imeiva. Oveni za kawaida hazifiki huko, kwa hiyo siwalaumu kwa kukosa ile rangi ya moto. Ila unga mbichi katikati nawalaumu. Mkate tunaoka siku zote.

Halafu Waitaliano wenyewe Kusini si wageni. Kampuni yao ya Agip ndiyo iliyogundua gesi Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay mwaka 1982. Kama walikula pwani hii enzi hizo, naamini walikula vizuri kuliko sisi usiku ule.

Mhudumu, binti mpole sana, akaja kuuliza kama tumefurahia. Shemeji akajibu, "Tunashukuru, mwanangu," akalipa. Ndivyo tulivyo: mezani shukrani, manung'uniko tunayaanza kwenye bajaji. Na ndiyo maana wapishi kama hawa hawajui kwamba wanakosea, kila meza inawaaga kwa heshima. Dada peke yake alithubutu kumwambia yule binti kwamba ngisi ni wagumu. Akajibiwa, "Ndivyo walivyo, mama."

Sivyo walivyo. Mwenye mgahawa, ile menyu yako ya kurasa nyingi ichane. Bakiza sahani tano. Mmoja wa wale kina mama wanaouza pweza barabarani mlipe aingie jikoni kwako, umwonyeshe tambi, yeye akuonyeshe pweza. Nyanya mbichi zipo sokoni, vitunguu saumu vipo. Ukinipikia hivyo, hiyo 28,000 nitailipa, na shemeji nitamleta.