Opeth hawajarudi walikotoka

Tangu Opeth, bendi ya metali ya Uswidi, watoe albamu ya The Last Will and Testament, Novemba 2024, mashabiki wengi wana neno moja tu: "Wamerudi!" Sababu ni mngurumo, ile sauti nzito ya kooni ya waimbaji wa metali. Mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, alikuwa hajanguruma kwenye albamu ya studio tangu Watershed ya 2008, na waliomlilia miaka yote hiyo hatimaye wamekipata walichokitaka. Nafurahi pamoja nao, maana koo lile nami nililikosa. Ila hilo neno "wamerudi" silikubali hata kidogo.

Opeth wa albamu ya Blackwater Park, mwaka 2001, walitunga nyimbo za dakika kumi na zaidi ambamo metali nzito ilikatika ghafla kulipisha gitaa kavu, kisha kishindo kikaanza upya. Nilikuwa naupenda mtindo ule na bado naupenda. Lakini mngurumo wakati ule ulikuwa ala nyingine tu, unaingia palipotakiwa uzito. Ikaja Heritage, 2011, wakaliacha koo na kuzama kwenye roki ya miaka ya 70. Watu walikasirika kweli! Albamu tatu zilizofuata nazo hazikuwa na mngurumo, na In Cauda Venenum ya 2019 wakaitoa kwa Kiswidi na kwa Kiingereza. Kwa masikio yangu, ni katika miaka hiyo iliyotukanwa sana ndipo Åkerfeldt alipojifunza kuimba kama mwigizaji.

Matunda yake ndiyo haya. Albamu nzima ni wosia wa baba tajiri, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukisomwa mbele ya watoto wake. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zina alama ya kifungu na namba tu, kama hati ya wakili. Na mngurumo sasa una mwenyewe: ni marehemu, anaamuru na kuumbua familia yake kutoka kaburini. Sikiliza §4. Katikati bendi inanyamaza, kinubi kinachukua nafasi, kisha inaingia filimbi ya Ian Anderson, yule wa Jethro Tull, bendi kongwe ya roki ya Uingereza, kabla gitaa hazijarejea kwa kishindo. Opeth wa 2001 wasingethubutu. Na Waltteri Väyrynen, ambaye hii ni albamu yake ya kwanza na bendi, anapiga dramu kwa wepesi unaofanya hata midundo migumu kabisa itembee.

Lawama ninayo. Hadithi imebanwa mno. Usipokuwa na mashairi mkononi hutajua nani karithi na nani kanyimwa. §5 nayo imejaa mambo mengi kupita kiasi, nyuzi na gitaa zinagombea nafasi ileile.

Lakini ufike mwisho, kwenye A Story Never Told, wimbo pekee wenye jina. Binti aliyeachiwa urithi anapata barua ya mama yake, na barua inasema yule mzee hakuwa baba yake. Wimbo mzima ni sauti safi, polepole, hamna mngurumo hata mmoja, kwa kuwa mzee hana tena la kusema. Bendi iliyorudi nyuma ili kuwaridhisha mashabiki isingefunga albamu namna hiyo.