Gorofa za kaunsili za London hazikuoza zenyewe

Nimekaa miaka kadhaa kwenye gorofa moja ya zamani huku Walworth, kusini mwa London, floo ya sita, na mlango wangu ulikuwa unatazamana na wa mzee mmoja wa Kibarawa, yaani wa mji wa Barawa kule Somalia. Flati zetu pacha kabisa, jiko dogo lile lile, bafu lile lile, hata mlango wa stoo uliokuwa unagoma kufunga wakati wa baridi na kwake ulikuwa unagoma. Ila yeye alikuwa mpangaji wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na mi nimepanga kwa mtu binafsi, kwa hiyo kodi yangu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kwake. Mwenye nyumba wangu hata sura simjui. Flati aliinunua zamani mama aliyekuwa anakaa humo, akauza, aliyenunua naye akauza, mpaka ikafika kwa huyu aliyekuwa ananikumbuka kwa meseji kila tarehe moja.

Sasa ukipiga picha ya hizi gorofa ukatuma nyumbani, watu wanacheka, hapo ndo Ulaya kweli, mbona kama magorofa ya Michenzani, Zanzibar? Na Waingereza wenyewe wengi wanaongea hivyo hivyo, eti zege limewashinda, majengo yalikuwa mabaya tangu mwanzo ndo maana yakajaa wahuni na mikojo kwenye lifti, yabomolewe tu. Mi hiyo hoja siikubali.

Kwanza hazikujengwa ziwe nyumba za maskini. Mabomu ya Wajerumani ya 1940 na 1941 yaliiharibu London vibaya, na hata kabla ya vita familia nyingi zilikuwa zinabanana kwenye vyumba vyenye unyevu na choo cha kushea uani. Chama cha Leba walivyoingia madarakani 1945, waziri aliyepewa nyumba alikuwa Aneurin Bevan, ndo huyo huyo wa afya aliyeanzisha matibabu ya bure, na alikuwa anang'ang'ania nyumba ziwe kubwa na za maana, daktari na muuza nyama na kibarua wakae mtaa mmoja. Sheria ya 1949 ikafuta yale maneno ya kwamba nyumba za kaunsili ni za tabaka la wafanyakazi. Yaani zilikuwa za mtu yeyote. Pale Pimlico wakajenga Churchill Gardens, maji ya moto na joto la ndani vinatoka kwenye mtambo wa umeme wa Battersea ng'ambo ya mto, joto ambalo lingepotea bure. Miaka ya hamsini hiyo jamani! Mi kwangu boila ilikuwa inazima kila ikifika Desemba.

Nisiseme uongo, kuna makosa yalifanyika, tena makubwa. Baada ya 1951 wakaja chama cha Konsavativu na waziri wao wa nyumba Macmillan na ahadi ya nyumba 300,000 kwa mwaka, wakaifikisha 1953, ila nyumba zikawa zinapungua ukubwa. Halafu 1956 serikali ikaweka ruzuku inayopanda kadiri gorofa inavyopanda, na wewe mpe kontrakta pesa zaidi kwa kila floo uone kama hatafika mawinguni. Vikaja vipande vya zege vya kiwandani vinapangwa kama karata. Mei 1968 pale Canning Town, kwenye jengo la Ronan Point lenye floo 22, mama mmoja floo ya 18 aliwasha jiko achemshe chai, gesi ikalipuka, kona nzima ya jengo ikaporomoka, watu wanne wakafa. Jengo lilikuwa jipya, watu ndo kwanza wanahamia. Walipolibomoa 1986 wakakuta kuna maungio yamejazwa magazeti. Magazeti!

Kwa hiyo uzembe ulikuwepo, sikatai. Lakini Ronan Point haikufanya kila esteti, yaani kila mtaa wa majengo ya kaunsili, kuwa Ronan Point. Kilichozimaliza nyingine ni karatasi, sio zege, na karatasi yenyewe ni sheria ya 1980 ya waziri mkuu mama Thatcher, mpangaji wa kaunsili aruhusiwe kununua nyumba yake kwa punguzo, na baadaye kwa flati lilifika mpaka asilimia 70. Mi simlaumu aliyenunua, ningekuwa mimi ningenunua asubuhi na mapema. Ubaya ni kwamba kaunsili zilibanwa zisitumie sehemu kubwa ya hela za mauzo kujenga nyingine. England peke yake zimeuzwa karibu milioni mbili. Ukiuza ng'ombe usinunue ndama, zizi linabaki na nini?

Nyumba zikawa chache, foleni ikawa ndefu, ikabidi zilizobaki wapewe wenye shida kuliko wote, mgonjwa, asiye na kazi, mama aliyekimbia kipigo. Ni sawa kuwapa. Ila ukiwakusanya watu wa namna hiyo sehemu moja, ukakata hela ya matengenezo, lifti ikafa wiki tatu, halafu unakuja na kamera unasema ona tabia za watu wa esteti... inahusu?

Kama zege ndo tatizo, niambie kwa nini Trellick Tower, mnara wa flati wa 1972 magharibi mwa London wa floo 31 uliokuwa unaogopwa, ulipewa ulinzi wa kihistoria 1998 na leo flati zake zinauzwa bei ya kutisha. Balfron Tower kule Poplar, ndugu yake kabisa, mchoraji yule yule Goldfinger, wapangaji walitolewa, ukakarabatiwa, zikatangazwa kuuzwa kwa wenye nazo. Zege lile lile, walichobadilisha ni watu. Na Grenfell, mnara wa flati wa London ulioungua 2017, ambayo sitaki kuiongelea sana kwa sababu ni watu 72 waliokufa, lile jengo la 1974 zege lake lilibaki limesimama, kilichosambaza moto ni koti jipya walilolivalisha kwenye ukarabati uliokwisha 2016.

Huku kwetu Elephant and Castle ilikuwa Heygate, esteti ya 1974 yenye nyumba zaidi ya 1,000. Wakaamua kufufua mtaa, hilo ndo neno lao, kufufua, kana kwamba ulikuwa maiti. Watu kuhamishwa wanaita dikanti, neno la kumimina mvinyo kutoka chupa kwenda nyingine. Ikabomolewa, leo pamejaa minara ya vioo na miti mizuri kwa kweli, nyumba zaidi ya 2,000, ila za kodi ya kijamii, ile kodi nafuu kama ya kaunsili, ni za kuhesabu. Soko la ndani la 1965 nalo lilifungwa 2020, wale Wakolombia waliokuwa na vibanda vya empanada na vya kutuma hela wakatawanyika.

Ikafika zamu ya jengo letu. Mzee alipewa flati nyingine, mpya, yenye lifti inayofanya kazi, lakini mbali, mabasi mawili. Nilimkuta siku ya kuhama anaongea na simu kwa Chimiini, lugha ya Wabarawa, ukisikia haraka unaweza kudhani mtu wa Pemba, nikasubiri amalize nikampa shikamoo. Akasema mwanangu, huko jiko kubwa, lakini sina wa kumpelekea sambusa.

Jumamosi bado anakuja soko la East Street huku Walworth kununua ndizi na bizari, na kule alikohamia pia kuna maduka. Wiki iliyopita nimemkuta kituoni na mifuko yake anasubiri basi la kwanza kati ya yale mawili.