Mbuyu wa Fadial na mibuyu yetu ya Kilifi

Sisi Wapwani tunaoishi Senegal hatuna haja ya kuelezwa mbuyu ni nini. Mti ni uleule wa Kilifi na Bagamoyo, na matunda yake ni yaleyale, ila huku unga wake hulowekwa ukawa kinywaji kizito kinachoitwa bouye, na majani makavu husagwa yakatiwa kwenye kuskusi ya uwele. Tofauti iko kwenye heshima. Mbuyu umo katika nembo ya taifa hili pamoja na simba, na katika nchi ya Waserer mkulima hulima kuuzunguka. Mti wenye pangool, yaani mizimu ya wahenga, una ukoo unaouhudumia kwa maziwa na uji wa uwele.

Atakaye kuona aanzie Fadial, kusini kidogo ya Joal. Teksi za viti saba huondoka kituo cha Pikine, kando ya Dakar, zikijaa, kwa hiyo fika alfajiri. Ukichelewa utakaa juani ukimsubiri abiria wa saba. Shuka Mbour, panda gari la Joal, kisha kodi pikipiki, ambazo hapa huitwa Jakarta. Patana bei kabla ya kupanda, na uwe na noti za faranga 500 na 1,000, maana chenji ni shida kila mahali. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari: hakuna mvua, jua halijawa kali, na mti umepukutisha majani, kwa hiyo umbo lake lote liko wazi.

Shina la Fadial lina mzingo wa mita 32 hivi. Mlango wake ni tundu dogo; unainama, unatanguliza kichwa na bega moja, halafu unavuta miguu. Ndani mna nafasi ya watu kadhaa kusimama, harufu kali ya kinyesi cha popo, na ukuta uliosuguliwa na mikono hadi unang'aa. Tochi ielekeze chini, popo wasije wakatawanyika. Nje wanakusubiri wauza vinyago. Wasalimie kwanza, salamu ndefu, ndipo uulize msimamizi ni nani. Mchango mpe yeye, si kijana wa kwanza aliyekushika mkono.

Mapango ya namna hii yalikuwa makaburi. Malenga wa Kiserer, watunza nasaba za wafalme, hawakuzikwa ardhini kwa kuhofia nchi ingekosa rutuba. Waliwekwa ndani ya mibuyu. Desturi hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1962, enzi za Rais Léopold Sédar Senghor, mwenyewe mzaliwa wa Joal. Katika hifadhi ya Bandia mafuvu yangali yanaonekana, na inaumiza kuona watu wakijipiga picha nayo.

Hapo ndipo Senegal inapokosea, na nyumbani tumewazidi. Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, karibu na Diani, huingii bila mwongozaji. Unafungwa kaniki kiunoni, unapunguza sauti, hutoki hata na jani moja. Fadial kila mtu anaingia, na mti unaumia. Mti wa mbuyu ni laini na umejaa maji. Gome huweza kuota tena, lakini kisu kikipita hadi ndani kinafungua njia ya kuoza, na herufi za jina lililochongwa hutanuka kadiri shina linavyonenepa, hazifutiki. Mizizi yake hutambaa mbali karibu na uso wa ardhi, hivyo magari yanayoegeshwa kivulini huishindilia udongo hadi maji yashindwe kupenya.

Lakini nje ya kaya sisi tuna aibu kubwa zaidi. Kaya zetu zina wazee, sheria, na tangu 2008 kadhaa zimo katika orodha ya urithi wa dunia. Mbuyu uliosimama peke yake shambani hauna hata kimoja kati ya hivyo. Wengi wanauogopa kwa habari za mashetani, wengine wanaufukizia ubani na kuunyunyizia marashi usiku, na mchana hakuna anayesimama kuutetea. Ndiyo maana mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake kukatwa, ili ipelekwe kwenye bustani ya tajiri mmoja katika nchi ya Georgia, si jimbo la Marekani. Wakulima waliuza kwa sababu walihitaji pesa na nafasi ya kulima, na siwalaumu. Ilibidi Rais Ruto aagize uchunguzi Novemba mwaka huo, wakati miti mingine ilikwisha kuchimbuliwa.

Kilifi iwatumie wazee wa kaya ilionao. Waende kijiji kwa kijiji, waorodheshe kila mbuyu wa tambiko, waandike shamba la nani na ukoo gani unauhudumia, kisha mwenye shamba apate sehemu ya ada ya wageni kila mwezi. Mgeni asiingie ndani ya shina, hata akilipa mara mbili.