Silikanti wa Tanga: tumeshangaa samaki vya kutosha, sasa tuongelee jarife

Kila silikanti akinaswa Tanga mambo ni yale yale, picha zinaanza kuzunguka WhatsApp, mtu anaandika "samaki wa ajabu wa enzi za dinosaria", wengine wanauliza analiwa huyo, alafu baada ya siku mbili kimya. (Nyama yake ina mafuta mabaya, ukiila inakuendesha, kwahiyo hilo la kula limeisha.) Sasa mbona hakuna anayeuliza kanaswa na nini? Wavuvi wa Mwambani au Kigombe ukiwauliza hawafikirii hata mara mbili: jarife, ile nyavu ya kuvulia papa.

Historia yake naipitia haraka maana wengi mnaijua. Wataalamu waliamini alishatoweka miaka milioni 66 huko nyuma, 1938 akaibuka Afrika Kusini kwenye meli ya uvuvi, 1952 Komoro, kwetu Tanzania 2003, na toka hapo Tanga wakawa wananaswa sana mpaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Watafiti wa Japani na wenzao wa TAFIRI (taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi) wakapima vinasaba, majibu yakatoka 2011 kwamba hawa wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yao, wametengana na wa Komoro muda mrefu sana. Yaani wakiisha hapa tusitegemee wengine waje kuziba pengo.

Lakini utafiti ulioniumiza kichwa ni ule wa Wafaransa wa 2021. Walichukua magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa makumbusho ya Paris wakayaangalia kwa mwanga maalum, wakakuta mistari midogo midogo ya kuhesabia umri ambayo watafiti wa mwanzo hawakuiona. Zamani ilisemwa samaki huyu anaishi miaka kama 20 hivi, kumbe anakaribia 100! Jike linakomaa likiwa na miaka hamsini na kitu, na mimba analea miaka mitano. Mitano bana. Na hatagi mayai, anazaa watoto hai, yule aliyenaswa Msumbiji 1991 alikutwa na vitoto 26 tumboni. Sasa piga hesabu mwenyewe, jike mmoja mwenye mimba akinasa usiku mmoja kumeondoka nini baharini, na yeye mwenyewe alizaliwa labda kabla ya uhuru.

Jarife ni nyavu ya uzi mnene na macho makubwa, inategwa jioni na kutolewa asubuhi, na mwenye jarife anatafuta papa na samaki taa, hana haja kabisa na silikanti. Shida ni kwamba mchana silikanti amejificha kwenye mapango huko chini kwenye giza, usiku ndo anatoka kutafuta chakula, na usiku ndo nyavu iko kazini. Na Tanga bahari haikawii kuwa na kina, ukitoka kidogo tu nje ya miamba chini kunaporomoka, kwahiyo hata chombo kidogo kinaweza kutega mita mia na kitu. Akishavutwa juu kwenye maji ya moto hawezi kupumua vizuri, hata ukimrudisha kwa upole hatoboi.

Na kabla hamjaanza kuwatukana wavuvi, tukumbuke kwanini walisogea kina kirefu. Matumbawe ya karibu yalipigwa baruti miaka na miaka, samaki wa juu wakapungua, mtu ana watoto wanasubiri ada, afanyeje? Kuweka ramani ya hifadhi na mabango ya picha ya silikanti halafu kumfukuza mtu kwa boti ya doria sio uhifadhi, mimi naona ni kumhamishia njaa tu. Alafu papa mkavu na taa tunawala sisi sisi tunaolia mtandaoni, mimi mwenyewe papa wa nazi sikatai.

Ninachotaka mimi ni kitu kimoja, jarife la kina kirefu litoke kwenye ule mteremko wa Tanga kwa kununuliwa, sio kwa kunyang'anywa. Mvuvi alete nyavu yake, apewe mishipi, mashine na barafu ya kumwezesha kwenda nje kutafuta jodari na nguru, na apewe kabla ya nyavu kuondoka mkononi, maana ahadi za "mtaletewa" watu wa pwani wamezichoka. Na yale majibu ya magamba ya Paris yasomwe pale diko la Kigombe, vyombo vinaposhushia samaki, kwa Kiswahili, manahodha wenyewe wakiwepo, kwasababu wao ndo wanajua ni miamba gani silikanti wananasa na miezi gani, na sijui kwanini mpaka leo hiyo sio sehemu ya kwanza mtafiti anapoenda kukaa.