Saiti ziko wazi, saruji itatoka wapi?
Kufunga nchi naunga mkono, corona inaua. Lakini ruhusa ya ujenzi aliyoitoa Rais Museveni wa Uganda kwenye hotuba ya Machi 30, 2020 ina tundu. Kasema saiti, yaani sehemu za ujenzi, ziendelee ikiwa mafundi watalala hapohapo siku zote 14 za kufunga nchi. Sawa. Ila hotuba ileile imefunga maduka ya vifaa vya ujenzi! Saruji ikiisha siku ya tatu tutajengea nini?

Kampuni kubwa za barabara na maghorofa zina bohari, kambi, vyoo na mpishi, kwa hiyo zitaendelea. Sisi tunaojenga nyumba za watu wa kawaida hapa Kampala, mwenye nyumba hununua mifuko michache leo, akipata pesa anaongeza. Nimeacha ukuta kwenye lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), mbao zimegongwa, nondo zimefungwa, zege halijamwagwa, na mvua ndizo hizi. Na kibarua anayelipwa jioni atalala vipi saiti wakati wanawe mtaani Kawempe wanasubiri unga?

Malori ya mizigo yameruhusiwa. Basi maduka ya vifaa yaruhusiwe kupokea oda kwa simu, mzigo upelekwe saiti, mteja asikanyage dukani. Tafadhali wahusika, msisubiri siku 14 ziishe.